Friji la mpangaji, na suti niliyowahi kuuza

Naanza kwa kusema mimi ni fundi cherehani, wakili siyo, mtu asije akanifuata inbox kuniomba nimsimamie kesi. Nashona Majengo hapa Dodoma, karibu na soko, na jioni nageuka mama mwenye nyumba kwa sababu marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita kule Nkuhungu na wenzangu wote wako Dar na Mwanza, kwa hiyo choo kikijaa ni mimi, luku ikigombaniwa ni mimi, na mtu akiondoka kimyakimya akaacha vitu ndani ni mimi pia. Hili la kuacha vitu ndo limenikalisha chini leo.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kwanza, hata saa moja asubuhi haijafika, mama mmoja anayepanga chumba cha pili, muuza vitumbua, akanipigia kwa sauti ya chini kabisa. "Dada, njoo. Chumba cha yule kaka kinanuka, na nzi wamejaa dirishani." Niliposikia nzi miguu iliisha nguvu. Yule kijana nilikuwa sijamwona tangu kabla ya Krismasi, simu yake haipatikani, na akili ya binadamu unaijua inavyokimbilia mabaya. Nikapanda boda na kanga yangu na sweta, njia nzima nawaza nitaanzaje kuwaambia kwao.

Tukachungulia kwenye upenyo wa pazia na tochi ya simu. Sakafuni hakuna mtu, kitandani hakuna mtu, nikashukuru kwa dini zote. Ila kuna friji dogo la mlango mmoja na chini yake maji meusi yametambaa mpaka mlangoni. Kumbe alizima swichi ya ukutani akaondoka, na ndani kulikuwa na samaki wa Mtera, baadaye tulikadiria kilo tatu hivi, na nyie mnalijua joto la Dodoma mwezi wa kwanza, sina haja ya kuendelea.

Kijana mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi za ujenzi kule Mtumba, mji wa serikali, kodi alinilipa miezi sita kwa mkupuo, Julai mpaka Disemba, elfu sitini kwa mwezi. Aliwaambia wenzake anaenda kwao Krismasi atarudi. Hakurudi.

Shemeji yangu alipofika akatoa hukumu hapohapo uani, mikono kiunoni. "Shem, vunja kufuli, toa hayo makorokoro, friji uza ujilipe kodi, Jumatatu weka mtu mwingine. Mji huu sahivi chumba kinakaa tupu siku ngapi?" Na hapo hakukosea, tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 kila mtu mwenye kibanda amekuwa mwenye nyumba, na wapangaji bado wanatafuta. Nyundo na tindo tayari zilikuwa mkononi mwangu, na ningevunja. Sheria sikuwa naijua. Kilichonisimamisha ni suti.

Hii ya suti sijawahi kuisimulia mahali, naisema leo. Miaka ile nimefungua fremu karibuni, kaka mmoja aliniletea kitambaa kizuri cha suti, cha kijivu, akalipa advansi nusu, akasema baada ya wiki mbili atapita. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Na mimi ukutani nilikuwa na kile kikaratasi ambacho kila fundi anacho, cha viatu, cha simu, cha redio, wote tunacho, NGUO ISIYOCHUKULIWA NDANI YA SIKU 30 HATUTAHUSIKA, nimekiandika kwa makapeni nikakipiga na selotepu. Akaja mpambe wa bwana harusi, mwili uleule, harusi kesho, hana suti. Nikamuuzia elfu sabini na nikajiona mjanja kweli. Mwezi wa saba mwenye suti akaja, alikuwa kozi mkoani, na mkononi ana risiti yenye mwandiko wangu mwenyewe. Sikuwa na pa kujificha. Alianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema hapa tusipoelewana kesho yuko mahakama ya mwanzo, na mimi nikalipa kitambaa, nikarudisha advansi, na kimya cha mwenyekiti akiniangalia. Jumla laki na thelathini. Ile sabini ya mpambe hata siikumbuki niliilia nini.

Kwa hiyo siku ya samaki nikaweka nyundo chini nikampigia msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Kama hujui hawa watu wapo, sikiliza: kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, wamesomea mambo ya msingi ya sheria, sio mawakili kwa hiyo mahakamani hawakusimamii, lakini kukuelekeza wanakuelekeza na hela hawakudai. Watu wanaisubiri mpaka ile kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria ipite na mahema, wakati huyu dada anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Alikuja na daftari. Kabla hata hajaangalia chumba akaniuliza, "Ulimkabidhi notisi ya kuhama?" Hapana. "Yeye kakwambia kahama?" Hapana. "Basi chumba bado cha kwake, hata kama kodi imeisha juzi. Kufuli la kwake, vitu vya kwake, wewe una deni tu, na deni lenyewe sahivi ni la siku nne."

Halafu akaniambia kitu ambacho mi nimekibeba mpaka leo, kwamba wenye nyumba tunachanganya madaftari mawili. Kuna daftari la deni, na kuna daftari la vitu. Mtu kukudai au wewe kumdai hakuhamishi umiliki wa godoro. Ukiingia ukachukua friji kwa sababu anakudai, samahani, kwa sababu unamdai, unatoka kwenye kudai unaingia kwenye kudaiwa, na ikienda vibaya sana unaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, maana wizi pale umeelezwa ni kuchukua au kujimilikisha kitu cha mtu kwa hila bila haki, hawajasema lazima uwe umepanda ukuta usiku. Adhabu ya jumla ya wizi inafika miaka saba. Shemeji akakohoa.

"Na samaki?" nikauliza.

Samaki ni habari nyingine. Kitu kinachooza na kuhatarisha afya ya wengine huwezi kukisubirisha, ila unaingia kwa ajili ya hicho tu na unaingia na macho ya watu. Tukamwita mjumbe, mzee wetu mmoja wa Kigogo ambaye hata ukimwita kwenye moto lazima amalize salamu kwanza, "Mbukwenyi!", tukaitikia wote na mashuka puani. Kijana mmoja akarekodi video mwanzo mwisho. Kufuli likakatwa mbele ya mjumbe, mama wa vitumbua na msaidizi wa kisheria, samaki wakatoka, friji likaoshwa, sakafu ikapigwa dawa, hakuna aliyegusa kabati wala begi, na mlango ukafungwa na kufuli jipya ambalo ufunguo mmoja akabaki nao mjumbe. Tukaandika karatasi nusu ukurasa, tarehe, saa, sababu, sahihi. Nilidhani ni mbwembwe. Subirini.

Sasa nirudi kidogo kwenye yale ya cherehani, maana jioni ile nilimkalisha yule dada nikamuuliza ya suti yote, na wanaosoma hapa mafundi ni wengi kuliko wenye nyumba.

Mtu akikuletea kitambaa, simu, cherehani, kiatu, ukakipokea ili ufanye kazi halafu kirudi kwake, hiyo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ni amana, na ina vifungu vyake kabisa. Kikiwa mkononi mwako unatakiwa ukitunze kama mtu wa kawaida mwenye busara anavyotunza cha kwake cha thamani ileile, panya wakila kwa uzembe wako ni juu yako. Usikitumie nje ya mlichokubaliana, kwa hiyo wale mafundi simu wanaotembea na simu ya mteja wiki nzima wakipiga nayo picha, mmesikia. Upande wako na wewe una haki: ukishamaliza kazi yenye ujuzi na jasho lako, unaruhusiwa kukishikilia mpaka ulipwe ujira wa kazi ile. Hata akija na kelele. Humpi.

Lakini kushikilia ni kushikilia tu. Hapo ndo nilipolalia mimi. Haki ya kushikilia haikupi haki ya kuuza. Mwenye ruhusa ya kuuza ni yule aliyewekewa kitu rehani kwa mkopo, naye mpaka mdaiwa ashindwe kulipa na apewe notisi ya kutosha. Fundi hakuwekewa rehani. Fundi akitaka kuuza, ama mlikubaliana hivyo tangu mwanzo ama unapitia mahakamani. Na kikaratasi cha ukutani? Kwanza mteja alikisoma? Kabla ya kukuachia kitambaa au baada? Pili, "hatutahusika" maana yake labda nguo ikiungua na moto usinilaumu sana, haina maana ya "tutauza kwa mpambe". Sasa hivi nimetoa cha ukutani, nimeandika kwenye risiti yenyewe, kwamba baada ya siku 60 nitakupigia na kukutumia meseji, na baada ya siku 90 unaniruhusu kuuza, nitoe changu, kinachobaki ni chako, na mteja anasaini pale chini akiwa na akili zake. Wanasaini huku wakicheka. Gauni za sendoff bado zinaachwa hivyohivyo, nina la zambarau lina mwaka wa pili, nadhani sendoff yenyewe haikufanyika na mi naona aibu kupiga simu kuuliza.

Haya turudi Nkuhungu.

Kuanzia hapo kazi ikawa notisi. SMS, WhatsApp ikagoma kwenye tiki moja, na barua niliyoiandika kwa mkono nakala tatu, moja nikaibandika mlangoni kwake, moja kwa mtendaji wa mtaa akaigonga muhuri, moja kwangu. Nikasema kodi yako imeisha tarehe 31 Disemba, vitu vyako vipo salama, una siku 30 kuja kuvichukua au kuongea na mimi, zikipita nitavihamishia stoo mbele ya serikali ya mtaa na chumba nitakipangisha, na deni litaendelea kuwa deni. Meseji zote nikazihifadhi, nikapiga na picha, kwa sababu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji ya simu ni ushahidi unaopokelewa, watu bado wanadhani lazima karatasi tu. Bahati nzuri kwenye mkataba nilikuwa nimeandika mtu wa karibu, dada yake yuko Manyoni. Nikampigia, nikakuta na yeye anamtafuta, Krismasi hakufika kwao. Hapo moyo ulirudi tena kule kwenye nzi. Akaenda polisi akachukua RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na nikamwambia akihitaji karatasi yetu ya siku ya samaki ipo, mashahidi wapo, video ipo. Fikiria ningekuwa nimeshauza friji na kupangisha chumba, halafu askari wanakuja kuuliza huyu mtu alionekana wapi mara ya mwisho, na vitu vyake unavyo wewe.

Siku 30 zikapita, nikaongeza wiki mbili kwa roho ya huruma na uoga, jumuisha mwenyewe. Tukafungua tena, watu walewale plus mtendaji. Zoezi lile lilichukua saa tatu kwa chumba kimoja. Kila kitu kinatajwa kwa sauti, kinaandikwa, kinapigwa picha: kitanda cha nne kwa sita na godoro lina shimo upande wa ukutani, friji linawaka halijulikani, jiko la gesi la mtungi mdogo, sabufa moja kubwa ajabu kwa mtu wa chumba kimoja, viatu jozi saba, pasi ya umeme, helmeti ya saiti, mabuti ya mpira. Hali ya kitu iandikwe, yule dada alisisitiza sana, kioo kina ufa andika kina ufa, la sivyo utakilipa kizima. Juu ya kabati bahasha ya kaki, ndani vyeti vya kidato cha nne na cha VETA, na kadi ya kliniki ya mtoto ambaye hakuna aliyejua kama anaye. Mjumbe akaifunga bahasha kwa selotepu tukasaini juu yake. Tukalipa vijana wawili elfu tano wakahamishia stoo ya baba. Ile elfu tano niliandika, maana gharama za lazima za kutunza kitu cha mtu unaweza kumdai, za lazima lakini, usiongeze na soda.

Wiki haijaisha akaja jamaa na miwani ya jua. Anadai sabufa ni yake, alimwazima kijana kwa ajili ya kitchen party ya ndugu yake, anaitaka. Shemeji, yule wa tindo, akasema mpe tu si kasema yake. Jamani. Ukimpa asiye mwenyewe, mwenyewe akija unalipa. Nikamwambia kaka lete risiti ya dukani au kitu chochote, akaleta picha ya zamani kwenye simu ikionesha ileile yenye stika ya Simba imechanika nusu, nikampigia dada wa Manyoni naye hajui, tukaishia kwa mjumbe akaandika maelezo, akaacha nakala ya kitambulisho cha NIDA, akasaini kwamba mwingine akijitokeza na uthibitisho yeye ndo atajibu, ndo akabeba. Na kama ningeiuza? Ningekuwa nimeuza kitu ambacho hata mdaiwa wangu hakikuwa chake. Kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, msingi wake ni kwamba huwezi kumpa mnunuzi haki ambayo mwenyewe huna, yaani hata aliyenunua kwa nia njema kabisa anaweza kunyang'anywa na mwenye mali, halafu anakugeukia wewe muuzaji. Nawaza wangapi tumenunua friji "la mpangaji aliyetoroka" kwa bei ya kutupa.

Najua swali linalokuja, na hela yangu je? Mwisho wa mwezi wa tatu ilikuwa laki moja na themanini kama ningehesabu miezi mitatu kamili, ingawa msaidizi aliniambia nihesabu mpaka siku nilipochukua chumba, baada ya hapo nina mpangaji mwingine siwezi kula kuwili. Njia zipo. Ugomvi wa upangaji unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua, tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, lina siku 30, likishindwa linawapa karatasi mnaendelea juu, kwa hiyo mtu akikwambia Baraza la Kata limemruhusu auze kabati lako mwambie arudi darasani. Ukishinda na mdaiwa halipi, unaomba kukazia hukumu, na hapo ndo mali zake zinaweza kukamatwa na kuuzwa, na anayeuza ni dalali aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, kwa mnada, wewe unakaa pembeni na risiti zako. Ikiwa ni deni la kawaida au fidia ya kitu, nje ya mambo ya nyumba na ardhi, mahakama ya mwanzo inatosha, mali inayohamishika mpaka thamani ya milioni 30 ni ya kwao, na wakili huhitaji.

Mimi nilipiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Nauli, ada, siku za kufunga fremu wakati wa msimu wa sare za shule, halafu mkataba wangu mwenyewe ulikuwa haujalipiwa ushuru wa stempu, na hati isiyo na stempu inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka uilipie na faini juu. Asilimia moja tu ya kodi ya mwaka, nilibania shilingi elfu saba mia mbili. Kwa deni la ukubwa ule nikaona sitaki baraza. Mwingine mwenye fremu ya laki tano kwa mwezi Area C atafikiria tofauti na yuko sawa kabisa, aende. Deni la mkataba lina miaka sita kabla halijapitwa na muda, huna haja ya kukimbia na panga siku ya kwanza.

Kuna moja nilisema siwezi kuliacha. Ningejuaje kama yule kijana kafariki? Chang'ombe kuna mama mwenzetu mpangaji wake alifariki hospitali, alfajiri ya siku ya tatu wakaja watu wawili, mwanamke anasema ni mke, mwanaume anasema ni kaka wa marehemu, wote wanataka TV na pikipiki. Mama wa watu akampa kaka, maana alikuja na gari. Mpaka leo anaitwa huku na kule kwenye mirathi. Mtu akifa vitu vyake ni vya mirathi, mke si mke, kaka si kaka, anayekabidhiwa ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Mnatakiwa muhtasari wa kikao cha familia, cheti cha kifo cha RITA, wanafungua pale mahakama ya mwanzo (kama ni mambo ya mila au Kiislamu, ndoa za Kikristo mara nyingi huenda mahakama za juu), na wewe mwenye nyumba unafunga mlango unasubiri barua, hata wakilia. Nguo za kuzikia sawa, toa, mbele ya mjumbe, andika. Pikipiki hapana.

Na vya kuokota, kwa wale wa bajaji mtaniuliza: ukiokota kitu na hujui mwenyewe na huna njia ya maana ya kumjua, wewe sio mwizi. Ila simu yenye picha ya mtu kwenye kioo na "Mama" anapiga mara kumi na nne, huwezi kusema hukuwa na njia ya kumjua. Peleka kituoni ipokelewe na iandikwe.

Mwezi wa tano simu ikaita, namba ngeni. "Shikamoo dada, ni mimi wa chumba cha nne." Nilikaa chini kwenye kigoda. Yuko Geita, machimboni, rafiki alimwita mara moja kuna kazi, simu iliibiwa stendi, namba zote zikaenda nayo, na aibu ya kodi ikamfanya asitafute mtu. Nilimfokea kama dakika tatu hivi, ya dada yake tu peke yake inatosha kufokewa. Alipopata nafasi swali lake la kwanza lilikuwa vyeti. Sio friji, sio sabufa. "Dada, bahasha ya kaki ipo?" Ipo, imesainiwa juu na watu wanne. Akanyamaza muda, nikasikia anavuta kamasi. Siku ya pili akatuma elfu sitini kwenye simu, na nyingine akaahidi, na nyingine kweli ilikuja mwezi wa saba, bado kidogo.

Dada yake alikuja kutoka Manyoni akasaini orodha yote, akabeba bahasha, nguo, viatu na jiko. Kitanda alimuuzia mama wa vitumbua mwenyewe, mbele yangu, bei yao. Friji halikuingia kwenye basi. Likabaki stoo, limesimama na kitambaa juu kama bibi harusi, na mama yangu mzazi ambaye tunaishi naye akaanza vita yake, kila jioni, joto hili, friji zima limekaa bure, chomeka tunywe maji ya baridi. Nikamwambia mama, la mtu hilo, kulitumia bila ruhusa likiungua ni mimi. Akasema nimeharibiwa na yule msichana wa daftari. Wiki tatu tumeshindana hivyo mpaka nikamwandikia dada wa Manyoni nikamweleza kila kitu, naye akajibu, "Tumieni tu dada jamani mpaka tuje na gari, likifa limekufa."

Nikapiga picha meseji, nikaituma na kwa mjumbe. Ndo nikachomeka.